Mianya Mitatu

Harufu ndiyo iliyotangulia. Jumatatu asubuhi, fundi wa msumeno alipofungua kufuli la stoo ya karakana ili atoe mbao za kazi ya wiki, alirudi nyuma akiziba pua kwa mkono wa shati, akidhani paka amekufia humo. Kisha akaona kiatu. Kiatu kilikuwa na mguu, na mguu ulikuwa wa bosi wake, mwenye karakana, ambaye kila mtu aliamini kuwa tangu Alhamisi jioni yuko safarini kutafuta mbao.

Polisi walipofika walimkuta amelala kifudifudi juu ya maranda, kisogo kimepasuka. Kando yake palikuwa na nyundo ya mti, ile ya kugongea patasi. Aliyeitumia alijaribu kuifuta, lakini mti hunywa damu kama unavyokunywa vanishi.

Inspekta alizunguka chumba mara moja, akatoka nje kuvuta hewa, akaamuru: "Mwiteni Mama Nzi."

Mama Nzi alikuwa mtaalamu wa wadudu katika maabara ya polisi. Jina hilo alipewa na wenzake kwa kumcheka, mwaka alipokuja na shahada yake kuomba meza na hadubini. Yeye akalichukua akalibandika mlangoni kwa herufi kubwa, na tangu hapo hakuna aliyecheka tena. Aliingia stoo akiwa na begi lake na chupa ya chai, akapiga magoti kama mtu anayetaka kufagia uvunguni mwa kitanda.

"Mama Nzi, hiyo chai unanimiminia?" Inspekta alitania akiwa mlangoni.

"Njoo uonje," alijibu bila kugeuka. Ndani ya ile chupa hamkuwa na chai. Yalikuwa maji ya moto.

Nzi wa mzoga hufika msibani kabla ya ndugu. Hutua kwenye jeraha, machoni, mdomoni, akataga, na mayai yakianguliwa hutoka mabuu. Buu hukua kwa kuvua ngozi, hatua ya kwanza, ya pili, kisha ya tatu. Anayejua kumsoma anaweza kuhesabu kurudi nyuma mpaka saa nzi wa kwanza alipotua. Mama Nzi aliokota mabuu kwa kibano, wanene, weupe, wengine urefu wa ukucha wa kidole gumba. Wengi wao aliwatumbukiza kwanza kwenye maji ya moto, wakanyooka, ndipo akawahamishia kwenye chupa ya spiriti. Waliobaki aliwatia hai kwenye kopo lenye kipande cha ini, akafunika kwa kitambaa. Wafu ni wa kupima, hai ni wa kukuza.

Juu ya kichwa chake taa ya kamera ilikuwa ikimulika. Mpigapicha wa polisi, waliyemzoea kwa jina la Kamera, alikuwa anafanya kazi kimya. Marehemu alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake wa pekee. Inspekta alikuwa amemwambia aende akapumzike, atatafutwa mwingine.

"Mwingine yupi, afande?" Kamera alikuwa amejibu. "Nilimpiga picha siku ya ndoa yake. Niache nimpige na hizi."

Sasa aliinama kando ya Mama Nzi. "Wakubwa hawa, dada. Wana muda gani?"

"Hawakuzaliwa jana. Zaidi ya hapo sisemi mpaka niwaweke chini ya hadubini."

"Nipe hiyo chupa nikawapige picha za karibu ofisini. Hapa mwanga mbovu. Nikimaliza nitamkabidhi Inspekta."

Ndivyo walivyofanya siku zote. Akampa.

Siku iliyofuata Mama Nzi alishinda mahakamani akitoa ushahidi wa kesi nyingine. Jumatano aliporudi kituoni, alikuta kesi ya karakana imeshapikwa, imeiva na inapakuliwa.

Inspekta alikuwa mezani pake anamenya yai la kuchemsha. Mbele yake palikuwa na trei nzima. "Karibu yai. Kamera katuletea tena, hata msibani hakutusahau. Na karibu usaini." Akamsogezea karatasi. "Tumemkamata fundi wa kukereza mbao. Marehemu alimfukuza kazi mwezi uliopita. Jirani alimwona Jumamosi mchana anaruka ukuta wa karakana. Daktari wa maiti naye amepima mabuu yako kwa rula hapa mbele yangu, ni wafupi, anasema hawazidi siku mbili. Jumamosi kwa Jumamosi. Ijumaa hii tunampeleka mahakamani."

"Wafupi?"

"Kama punje za mchele."

Mama Nzi hakuketi. "Nipe chupa yangu."

Aliibeba mpaka maabara, Inspekta akimfuata na yai lake mkononi. Kabla hata ya kufungua kifuniko alijua kuna jambo. Mabuu aliowaweka yeye walikuwa wamenyooka, rangi ya maziwa. Hawa walikuwa wamejikunyata, weusi weusi, kama mtu aliyesukumwa kwenye maji baridi. Akamtoa mmoja, akamkata ncha ya nyuma, akamlaza kwenye kioo na kuinamia hadubini. Kisha akamtoa wa pili, na wa tatu. Alipoinuka, macho yake yalikuwa makavu na makali.

"Angalia hapa, Inspekta. Buu hupumulia nyuma. Unaona mabamba mawili, kama macho?"

"Naona. Afadhali nisingeona, ninakula."

"Kwenye kila bamba kuna mianya. Buu wa hatua ya pili, yule wa Jumamosi, ana miwili. Hesabu hiyo."

Inspekta alihesabu kwa midomo. "Mitatu."

"Basi huyo ni wa hatua ya tatu, amekomaa. Daktari amemwona mtu mfupi akamwita mtoto, hakutazama mvi. Sasa itazame mianya yenyewe. Imekaaje?"

"Imepinda. Kama nyoka."

"Nzi wa mzoga mianya yake imenyooka kama vijiti, na duara linaloizunguka halifungi, liko wazi upande mmoja. Mwenye mianya ya nyoka na duara nene lililofungwa ni nzi wa nyumbani, yule anayetua kwenye chai yako. Yeye huzaliwa kwenye samadi na jalalani. Nimetoa watatu, wote ni hao. Hawa sio niliowaokota, Inspekta. Mtu amebadilisha chupa."

Inspekta aliliweka yai chini. "Mama Nzi, funza ni funza."

"Na aliyewabadilisha alifikiri hivyo hivyo."

"Unajua unachosema? Chupa hiyo ilipita kwa Kamera, ikaja kwangu, ikaenda kwa mtunza stoo wa vielelezo. Unatuita waongo watatu?"

"Nawaita watu watatu walioigusa. Mwongo ni mmoja."

Uso wa Inspekta ulijaa damu. "Mtuhumiwa ninaye, shahidi ninaye. Sahihi yako itakuja tu."

"Itakuja siku mabuu hawa watakapopungukiwa na mwanya mmoja," alisema Mama Nzi, akairudisha karatasi bila hata nukta ya wino.

Kutoka hapo alikwenda mahabusu. Mkerezaji alikuwa amekaa sakafuni ameegemea ukuta, mwanamume mwembamba mwenye viganja vigumu kama ngozi ya ngoma. Hakuinuka.

"Uliruka ukuta?" Mama Nzi alimuuliza.

"Usiniulize kama niliruka. Niulize kwa nini."

"Kwa nini?"

"Patasi zangu. Alinifukuza akabaki nazo. Nilipitia dirisha la karakana nikachukua zangu, sikugusa hata msumari wa mtu. Na nitaruka tena."

"Ulifika stoo?"

"Sikufika, lakini harufu ilinifikia. Nikasema panya wamekufa. Nimewaambia hao wenzako kuwa Jumamosi harufu ilikuwepo tayari. Unajua walinijibu nini? Kwamba muuaji ndiye anayewahi kunusa."

"Alhamisi ulikuwa wapi?"

"Kazini, karakana nyingine, mpaka giza. Tulikuwa mafundi wanne kwenye mashine moja, waulize. Lakini hakuna anayeniuliza Alhamisi, mama. Wote wanataka Jumamosi."

Maneno hayo alitoka nayo. Wote wanataka Jumamosi. Mtu alikuwa ameivuta siku ya kifo mbele ili Alhamisi isahaulike. Nani alikuwa na haja na hilo? Alimfikiria Inspekta, ambaye alitaka kesi ifungwe upesi kuliko alivyotaka ukweli. Alimfikiria mtunza stoo wa vielelezo, ambaye hakuwahi kumjua marehemu. Kisha akamfikiria mjane.

Mjane alimpokea sebuleni, viti vimesukumwa ukutani kwa ajili ya waombolezaji, ambao kwa wakati huo walikuwa jikoni wakiongea kwa sauti ya chini. Alikuwa na macho ya mtu aliyelala vizuri na anayeona aibu kwa hilo. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa bandeji kuanzia kiganjani.

"Pole sana, dada. Alhamisi mumeo aliaga saa ngapi?"

"Hakuaga. Alichukua begi, akasema anapitia karakana kisha anaondoka, na nisimpigie simu."

"Mkono umepatwa na nini?"

"Mlango."

"Mlango gani?"

Mjane alitazama jikoni, kisha akamtazama yeye. "Ule niliofunga nao ndoa."

"Nani anajua?"

"Kila mwenye macho. Mama mkwe aliniambia nivumilie. Kaka yangu alikuja, akaniona, akaondoka hata chai hajaigusa." Aliinua kidevu. "Unanishuku?"

"Ninakushuku. Na nina wengine."

"Kama ningekuwa na moyo huo, dada, nisingengoja mpaka mwaka huu."

Hakulia aliposema hivyo, na Mama Nzi alimheshimu kwa kutolia.

Jioni alirudi nyumbani akiwa na mambo mengi kichwani. Mama yake, aliyekuwa akiishi naye, alikuwa amekaa barazani, mbali kadiri alivyoweza na kopo lililofunikwa kitambaa. Maabara ilikuwa imekataa kopo hilo kwa sababu ya harufu, basi Mama Nzi alilileta nyumbani tangu Jumatatu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimelihamisha hilo likopo lako mara tatu, upepo nao unalifuata. Wenzio wanafuga kuku wa mayai, wewe unafuga funza! Na maini unawanunulia. Mimi nikiomba maini, naambiwa ningoje mwisho wa mwezi."

Mama Nzi alicheka, akafungua kitambaa. Mabuu walikuwa wameacha kula, wanatambaa pembezoni wakitafuta mahali pa kujificha wageuke bundo, hatua ya mwisho kabla ya kuwa nzi. Alimchukua mmoja na kumwangalia kwa lenzi ya mkononi. Mianya mitatu iliyonyooka. Duara wazi upande mmoja. Hawa ndio waliomwona marehemu, na walikuwa mbele mno kuwa wa Jumamosi. Walikuwa wa Alhamisi.

Kicheko kilimwishia mdomoni.

"Mama, umesema wenzangu wanafuga nini?"

"Kuku. Kwani nimetukana?"

Asubuhi iliyofuata, kabla wenzake hawajafika, alimwaga spiriti ya chupa ya ushahidi juu ya kitambaa cheupe, taratibu, mpaka tone la mwisho. Alichokikuta kilibaki hapo kitambaani, na alikaa akikitazama kwa muda mrefu. Hakufurahi. Alimpenda mtu yule. Kituo kizima kilimpenda.

Ijumaa, saa mbili asubuhi, gari la mahakamani likiwa tayari uani, Mama Nzi aliingia ofisini kwa Inspekta akiwa amebeba hadubini kama mtoto mchanga. Alikuwa ameomba waitwe mjane, mpigapicha na mtunza stoo, na mahabusu aletwe.

"Dakika kumi," alisema Inspekta. "Baada ya hapo ninakuandikia barua."

"Utaniandikia yoyote." Aliweka vioo viwili. "Hiki kina buu wa kwenye chupa ya ushahidi. Hiki kina wa kwenye kopo nililowakuzia hai nyumbani kwangu, wametoka kwenye jeraha lile lile, saa ile ile. Njooni mmoja mmoja. Hesabuni mianya, kisha mwangalie umbo lake."

Walipita mmoja baada ya mwingine. Mkerezaji aliangalia akiwa na pingu, akasema, "Hata mimi naona ni mbao mbili tofauti." Kamera aliangalia mwisho. Alipoinuka alirudi nyuma hatua moja. Kopo aliliona stoo, lakini hakujua kuwa waliomo wangekuzwa.

"Aliyebadilisha chupa," Mama Nzi aliendelea, "hakuwa mtu wa maabara. Wa maabara wote nimewafundisha maji ya moto kwanza. Huyu aliwatupa hai kwenye spiriti, wakasinyaa. Alijua kitu kimoja tu, kwamba buu mdogo maana yake ni kifo cha karibuni. Akatafuta wadogo. Lakini ni mdogo wa kimo, si wa umri, wala si wa ukoo ule."

"Ulisema wanazaliwa kwenye samadi na jalalani," alisema Inspekta. "Jalala liko kila mtaa. Ina maana yeyote, hata mimi."

"Hata wewe. Nilikushuku kutwa nzima."

"Asante sana."

"Ndipo nikachuja spiriti." Alikunjua kitambaa cheupe. Katikati kulikuwa na nyoya moja, laini, la manjano, dogo kuliko kope. "Hilo ni la kifaranga. Mabuu hawa wametoka kwenye samadi ya banda la kuku. Mtunza stoo, unafuga kuku?"

"Mimi? Ninaishi ghorofa ya tatu."

"Inspekta?"

Inspekta alikuwa anaitazama trei ya mayai kando ya simu yake, na polepole, kama mtu anayeogopa kugeuza shingo, akamtazama Kamera.

"Picha zako za stoo zote ni kali," Mama Nzi alimwambia Kamera kwa upole. "Hata nyufa za sakafu zinaonekana. Za mabuu peke yake zina ukungu, kila moja. Wewe mkono wako hautetemeki, kaka. Ulizitia ukungu ili zisije zikalinganishwa na chupa. Na Jumamosi ulikuwa wapi?"

Aliyejibu ni Inspekta. "Jumamosi alikuwa na mimi kutwa. Kwenye ajali ya lori."

"Na Alhamisi jioni?"

Uani, dereva wa gari la mahakamani alipiga honi.

"Nilimkuta dada yangu ameshika mkono uliovunjwa," Kamera alisema hatimaye. "Nikaenda karakana kumwambia huyo bwana amwache. Kumwambia tu. Akanicheka. Akasema, 'Mke ni wangu, mkono ni wangu.' Akageuka aendelee na shughuli zake, na nyundo ilikuwa mezani pale stoo. Nilimfungia humo kwa funguo zake mwenyewe. Nilitaka siku isogee, basi. Sikumtaka huyu fundi. Sikujua kama aliruka ukuta."

"Lakini walipomleta ulimpiga picha," alisema Mama Nzi. "Ya uso na ya ubavu. Ukamwambia ainue kidevu."

Mkerezaji alisogea mbele mpaka askari akamshika bega. "Mimi nilimvunja nani mkono? Niambie, bwana. Ningefia gerezani kwa mkono wa nani?"

Kamera hakuweza kumtazama. Alimtazama dada yake, kama mtu anayengoja apewe maji. Mjane alisimama.

"Nilikuomba mara ngapi unitoe pale? Unipe chumba kimoja tu kwako, nilale na mlango wangu? Ukasema watu watasema nini." Hakuinamisha kichwa. "Nilihitaji kaka wa kunitoa, sikuhitaji wa kuniongezea kaburi. Na usiseme popote kwamba ulifanya kwa ajili yangu. Kwa ajili yangu ungenifungulia mlango."

Alitoka bila kungoja ruhusa ya mtu. Inspekta alichukua ufunguo wa pingu. Ilimchukua muda kulipata tundu. Akazitoa kwenye mikono ya Mkerezaji, akazivisha kwenye mikono ya mtu aliyekuwa amekaa naye meza moja kwa miaka mingi.

Mchana Mama Nzi aliitwa na Mkuu wa kituo. Ripoti yake ilikuwa wazi mezani.

"Kazi nzuri. Nzuri sana. Ila sentensi hii," Mkuu akaweka kidole, "'Kielelezo kilibadilishwa kikiwa mikononi mwa polisi.' Ifute. Muuaji amekiri, haina kazi."

"Ina kazi, Mkuu. Bila sentensi hiyo, mtu aliyelala mahabusu siku nne alilala kwa bahati mbaya. Hakulala kwa bahati mbaya."

"Unataka magazeti yatucheke?"

"Mimi nimechekwa maisha yangu yote ya kazi, na bado ninakuja asubuhi. Kituo nacho kitazoea."

Mkuu aliegemea kiti. "Naweza kukuhamisha, unajua. Nikupeleke kituo cha mwisho kabisa, ambako hata hadubini hawajawahi kuisikia."

Mama Nzi aliichukua ripoti, akailainisha kona iliyokuwa imekunjika, akaweka sahihi yake chini, kubwa, na kuirudisha palepale mbele yake.

"Nihamishe, Mkuu," alisema. "Huko nako nzi wapo."